Kondoa hadi Babati kwa baiskeli ya mbio: barabara safi, ila msianzie Dodoma

Lami ya Dodoma hadi Babati ni kilomita 251, na kwa mwendesha baiskeli ina vipande viwili. Kirefu ni Dodoma–Kondoa, kifupi ni Kondoa–Babati. Kifupi ndicho kinachostahili jasho lenu. Kirefu kipeni basi.

Nawaandikia hasa wenzangu ambao wizara zilipohamia Dodoma tulihama nazo, na baiskeli zetu mgongoni, tukaishia kuzunguka Ihumwa na Mtumba kila Jumamosi huku malori yakitupulizia moshi usoni. Barabara ya Morogoro siishauri kwa mtu mwenye watoto wanaomtegemea. Ya Iringa kupitia bwawa la Mtera ni nzuri na ina upweke wa kupendeza, ila jua lake si la mchezo. Mimi ni Mpare wa Usangi, nimelelewa kwenye miteremko, na kwangu safari isiyo na mlima ni kazi ya kibarua tu. Mlima wa kweli wenye lami nzuri nimeukuta Kondoa.

Kwa nini msianzie Dodoma? Ukishapita Msalato na Makutupora, unaingia Mayamaya, kisha Haneti, na kote huko ni migunga, mibuyu na upepo. Upepo wa Dodoma mnaujua: unatoka mashariki na kusini-mashariki, na kuanzia Julai hauombi ruhusa. Kwenda kaskazini unakupiga ubavuni, mara chache unakusukuma. Hiyo ni zaidi ya kilomita 150 kabla hujauona mlima wa maana, na ukifika Kondoa miguu imeshaisha. Halafu kesho yake ndipo uanze kupanda? Hapana.

Basi lina vita yake. Konda aliitazama baiskeli yangu akasema, "Mzee, huu ni mzigo, siyo begi," akataja bei iliyokaribia nauli ya mtu mzima mwenye kiti. Mnatusema sisi Wapare kwa ubahili, lakini ningewaomba mnionyeshe Mgogo au Mchaga ambaye angelipa hiyo bila kelele. Dawa ni kufungua magurudumu yote mawili ukiwa nyumbani, uyafunge pamoja na fremu ndani ya viroba viwili vilivyoshonwa, ufike stendi na kitu kisicho na umbo la baiskeli. Kwenye buti ilaze upande wa gia ukiangalia juu, na usimame hapo mpaka mlango ufungwe, kwa sababu magunia ya watu huja dakika ya mwisho.

Kondoa yenyewe ni mji wa kulala mapema. Gesti zipo za kutosha, za bei ya kawaida. Ulizeni maji kabla ya kuuliza bei. Niliyolala mimi bomba lilikohoa usiku kucha bila kutoa kitu, nikaoga kwa ndoo. Saa ya kengele hamuihitaji, adhana ya alfajiri inatosha, na mama ntilie wa karibu na stendi anakuwa ameshawasha jiko. Nilikula chapati, maharage na supu ya mbuzi nzito. Alipoona kofia yangu ngumu akauliza, "Baba, unaenda vitani?" Nikamwambia naenda Babati. Akaniongezea chapati moja bila kuihesabu.

Ondokeni kabla jua halijachomoza vizuri. Mabasi na malori yanayotoka Arusha huwa bado yako mbali, na kwa masaa mawili matatu barabara ni yenu. Lami hii ilizinduliwa 2018 na bado ni laini, mabega yake yanatosha kumpisha basi bila kushuka kwenye changarawe. Lawama yangu ni rasta. Kila kijiji kina safu zake za vituta vidogo, na kwa tairi nyembamba iliyojaa upepo zinatikisa mpaka meno. Inukeni kwenye siti, legezeni viwiko, msishike breki juu yake.

Kutoka Kondoa kwenda Kolo ni kupanda kwa adabu, zaidi ya kilomita 20, udongo mwekundu pande zote. Angalieni makorongo. Huku ndiko ardhi ilikoliwa na mmomonyoko mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na 1979 ng'ombe na mbuzi wakaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi. Wazee wa Kirangi bado wanaisimulia ile amri kwa sauti mbili, ya uchungu na ya kukubali. Leo kuna makorongo ambayo yamefunikwa na miti, na kwenye michanga ya chini watu wamelima. Ukiwa ndani ya gari hayo yote yanapita kama ukuta. Kwenye baiskeli unapanda nayo taratibu, unaona mahali jeraha lilipofunga na mahali bado liko wazi.

Kolo simameni, hata kama mna haraka. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na ofisi ya mambo ya kale iko hapo hapo kijijini. Mnalipa, mnapewa mwongozaji. Baiskeli ya mbio iacheni ofisini. Njia ya kwenda Mungomi wa Kolo, penye michoro, ni mchanga na mawe, mwisho wake ni kupanda kwa miguu, na viatu vya baiskeli vyenye chuma chini vitawaaibisha. Mimi nilichukua bodaboda. Watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu nimewaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga, na mwongozaji hakunisukuma, jambo ambalo kwa watumishi wenzangu wa umma nalisifu.

Baada ya Kolo ndipo mlima unapoanza kuongea. Hadi Bereko unapanda, unashuka, unapanda tena. Kila kona unadhani ni ya mwisho. Hapa gia zinaamua. Baiskeli nyingi za mbio tunazonunua ni mitumba ya Japani, na zinakuja na krenki ya meno 52 na 39 mbele na friwili ndogo ya meno 23 au 25 nyuma, yaani zimefungwa kwa ajili ya kijana wa mashindano kwenye tambarare. Mtu wa miaka hamsini na ushei mwenye kitambi cha ofisini atashuka asukume. Yangu nilishabadilisha: 50 na 34 mbele, 32 nyuma, tairi za milimita 28. Kwa gia hizo nilipanda nimekaa, napumua kwa pua, nikiwaamkia akina mama waliobeba kuni. Watoto walikimbia pembeni wakipiga kelele "Baiskeli ya gia! Baiskeli ya gia!" na mmoja, naapa, alinipita.

Mafundi wapo vijijini na ni hodari wa spoki na viraka, ila baiskeli wanazozijua ni Phoenix. Pampu zao hazikamati vali nyembamba ya baiskeli ya mbio, na tyubu wanazouza haziingii kwenye tairi zetu. Bebeni tyubu mbili, pampu yenu, na kile kichwa kidogo cha shaba cha kugeuza vali. Na mkisimama kupumzika, nyanyueni baiskeli, msiikokote kwenye nyasi za pembeni. Mbigili hazijui bei ya tairi.

Kutoka Bereko mnaanza kulipwa. Mteremko wa kuelekea Bonga una kona ndefu zinazoonekana mapema, hewa inapoa, na mnakuwa mmeingia Manyara. Mlima Kwaraha unasimama juu ya Babati, mita 2,415, na siku isiyo na ukungu mlima Hanang unaonekana upande wa magharibi, mita 3,417, peke yake, kama mgeni aliyekataa kukaa na wenzake. Nimeshuka pale mikono ikiwa kwenye breki muda wote na sioni haya. Ng'ombe huvuka bila kutoa ishara.

Kutoka Bonga zimebaki kilomita 19 kufika Babati, za kujinyoosha tu. Kuleni samaki, ziwa liko pale pale, ila msiende kunawa ukingoni jioni kwa sababu viboko nao wana ratiba yao.

Msimu: Juni hadi Oktoba. Mvua za huku huanza Desemba na hata lami ikiwa nzima, mchanga unaosombwa kutoka kwenye makorongo hutapakaa kwenye kona, na tairi nyembamba haiupendi. Asubuhi za Juni na Julai ni baridi kweli, bebeni koti la upepo.

Kurudi Dodoma, pandeni basi la asubuhi linalotoka Arusha. Linafika Babati likiwa limeshajaza buti, kwa hiyo ongeeni na konda kabla hajashuka chini, na bei ya kwanza atakayotaja igaweni kwa mbili.