Kifurushi kipi cha akili unde alipie mtengeneza kadi na mabango

Mtu anayeishi kwa kutengeneza kadi za harusi, mabango ya biashara na maandishi ya matangazo anapoamua kulipia akili unde (AI), jambo la kwanza analouliza ni chombo kipi kinachora picha nzuri kuliko vingine, na hapo ndipo hesabu yake inapoanza kwenda kombo. Nimeifanya kazi hii Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na nikizihesabu saa zangu naona kuwa picha zinachukua sehemu ndogo tu. Saa nyingi huishia kwenye maneno: kurekebisha mwaliko ambao familia imeuandika kwa haraka, kutafuta kichwa cha bango, kumjibu mteja anayetaka mabadiliko ya tano. Kwa sababu hiyo mpangilio wangu unaanza na vyombo vya maneno, na vya picha vinafuata nyuma.

Ni vyema mnunuzi ajue anachokinunua. Programu za mazungumzo zilizojulikana kwa umma tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yao ni kukadiria kipande cha neno kinachofaa kufuata kile kilichotangulia. Kiswahili kilichangia sehemu ndogo ya maandishi hayo, ndiyo maana neno kama "tutakapowakaribisha" hukatwa vipande vingi kuliko neno la Kiingereza la urefu huohuo, na sentensi zinazotoka mara nyingine huwa za Kiingereza zilizovishwa kanzu. Programu nyingi za picha nazo hufanya kazi kwa njia nyingine: huanza na chenga tupu, kama za televisheni isiyo na antena, kisha huziondoa hatua kwa hatua mpaka sura iliyoelezwa itokeze. Programu ya namna hiyo haiandiki herufi kama tunavyoandika sisi, bali huchora maumbo yanayofanana na herufi.

Ndiyo maana kabla ya kulipia chochote nafanya jaribio la kanga. Naagiza kanga kamili, yenye pindo pande zote nne, mji katikati na jina sehemu ya chini ya mji, likisomeka MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Ni maneno manne, tena yasiyo na herufi ngumu. Chombo kimoja nilichokuwa nimekwisha kukilipia kilinirudishia pindo la korosho la kupendeza kweli, rangi zimekaa sawa, na chini yake MGENI NJO MWENYJEI APONNE, kwa maandishi manene ambayo mama yeyote wa Kariakoo angeyacheka kutoka upande wa pili wa barabara. Tangu siku hiyo nauliza kwanza kama chombo kinaniruhusu niziandike herufi mwenyewe juu ya picha, na uzuri wa picha nautazama baadaye.

Nafasi ya kwanza naipa programu ya mazungumzo ya kulipia kwa mwezi. ChatGPT Plus iliuzwa tangu Februari 2023 kwa dola 20, Claude Pro nayo ilipangiwa bei hiyohiyo, na kifurushi cha Google chenye Gemini hakikuwa mbali nazo. Mtu anayeandika sana, mwenye maandishi marefu yanayohitaji sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho, ningemshauri aijaribu Claude, ingawa haimchorei picha za mfano wa fotografia. Anayetaka maneno na picha mahali pamoja atafaidika zaidi na ChatGPT, ambayo tangu Machi 2025 uwezo wake wa kuandika maneno ndani ya picha umepanda sana, na jina la kanga yangu ililipatia, ijapokuwa ililipandisha juu ya pindo, mahali ambapo hakuna fundi wa kanga angeliweka. Aliyezoea kuhifadhi kazi zake zote Google hana sababu kubwa ya kuhama. Zote tatu zina ngazi ya bure, na ningependa msomaji aitumie hiyo kwa wiki mbili nzima mpaka kikomo cha matumizi kianze kumkatiza katikati ya kazi. Ambaye hajawahi kukatizwa na kikomo hicho hana haja ya kutoa dola 20.

Tofauti kati ya programu hizi ni ndogo kuliko tofauti kati ya maagizo mazuri na mabaya. Niliomba mwaliko wa harusi bila maelezo zaidi, nikaletewa "Tafadhali ungana nasi tunaposherehekea upendo wa wawili hawa." Hakuna mzazi wa Mbagala wala wa Tanga anayealika watu hivyo. Nikabandika kadi tatu nilizowahi kutengeneza, majina yakiwa yamefutwa, nikaeleza kuwa wanaoalika ni wazazi na si maharusi, na kuwa nafasi ya jina la mgeni iachwe wazi ijazwe kwa mkono. Jibu lililofuata lilianza na "Familia ya Bwana na Bibi", likaendelea na "inayo furaha kukualika", likabakiza mstari wa nukta kwa ajili ya Bw., Bi., Dk. au Mhe. Lilibaki kosa moja, nalo ni saa: mashine iliandika saa 12:00 jioni mahali palipokusudiwa saa 6:00 mchana, kwa kuwa ilichanganya hesabu yetu ya saa na ile ya Kizungu. Kosa la namna hiyo likipita kiwandani, wageni mia tatu watafika ukumbini wakati watu wanafagia.

Nafasi ya pili ni Canva ya kulipia, programu ya mtandaoni ya kupanga kadi na mabango, na kwa mtu ambaye kazi yake ni kadi na mabango peke yake ingeweza hata kupanda ya kwanza. Vifaa vyake vya akili unde, vilivyokusanywa chini ya jina Magic Studio mwaka 2023, havichori vizuri kuliko vya wengine. Nguvu yake ni kwamba picha inakaa chini, na maandishi unayaandika mwenyewe juu yake kwa fonti unayoichagua, hivyo jaribio la kanga linapitwa bila hata kufanywa. Kufuta mandhari ya nyuma ya picha ya maharusi kunachukua sekunde chache, na kazi inatoka ikiwa na vipimo vya kuchapisha. Bei yake hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo itazamwe ukiwa umeingia kwa akaunti yako.

Midjourney, programu ya kuchora picha, inakuja ya tatu. Kwa uzuri wa picha peke yake ningeiweka juu, na kifurushi chake cha chini cha dola 10 kwa mwezi, au dola 96 kwa mwaka, si ghali. Ila picha unazoagiza huwa wazi kwa watumiaji wengine, na ruhusa ya kuzificha iliwekwa kwenye vifurushi vikubwa, kuanzia kile cha dola 60. Mteja aliyekukabidhi picha ya binti yake hakukubaliana na hilo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, kama ile ya Kenya ya 2019, haiuchukulii uzembe huo kuwa jambo dogo.

Ya nne ni Adobe Firefly, programu ya picha ya kampuni ya Adobe, ambayo ningempendekezea anayefanya kazi za kampuni na benki, kwa kuwa Adobe inaeleza kuwa mfumo wake ulifunzwa kwa picha za Adobe Stock, hazina yake ya picha za kuuza, pamoja na picha zenye leseni huria na zilizokwisha muda wa hakimiliki. Hata hivyo asimwahidi mteja umiliki kamili wa picha: Februari 2023 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikubali kulinda maandishi na mpangilio wa kitabu kimoja cha katuni, ikakataa kulinda picha zake zilizotoka Midjourney.

Stable Diffusion, programu ya picha unayoisakinisha kwenye kompyuta yako, iliyoachiwa umma Agosti 2022, naiweka mwisho ingawa haina ada. Inataka kompyuta yenye kadi ya michoro ya kutosha, ambayo mimi nisingeinunua ikiwa na kumbukumbu chini ya GB 8, inataka subira ya kusakinisha, na inataka umeme usiokatika. Aliyenavyo vyote vitatu huenda hahitaji mwongozo huu.



Kuhusu malipo, bei zilizotajwa ni kabla ya kodi. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18 na Kenya ni 16, na huduma za kidijitali kutoka nje nazo hutozwa, kwa hiyo dola 20 inaweza kufika dola 23.60 kwa aliyeko Dar es Salaam, bila kuhesabu makato ya benki. Asiye na kadi ya benki aliyeko Kenya anaweza kutumia kadi ya mtandaoni ya Visa inayotolewa kupitia M-Pesa tangu 2022. Nashauri kulipia mwezi mmoja mmoja, na kuzima malipo ya kujirudia siku ileile ya kujiunga, kwa kuwa kifurushi huendelea mpaka mwezi uishe. Mimi hulipia msimu wa harusi unapopamba moto, na Ramadhani ikiingia, oda zikipungua, narudi kwenye ngazi ya bure mpaka simu za baada ya Idi zianze kuita.