Begi la kitenge la fundi wa mtaani: miezi minane mgongoni

Kipande cha kitenge kilichobaki kwenye sare ya sendofu ya mdogo wangu kilikaa kabatini mwaka mzima. Yadi mbili kasoro, bluu ya kuiva na maua ya njano. Gauni hakitoshi, kukigawa naona uchungu. Januari nikakibeba mpaka kwa fundi wetu hapa Tabata, mzee mwenye kibanda jirani na mashine ya kusaga, nikamwambia nataka begi la mgongoni la kuendea kazini.

Alikishika, akakivuta huku na huku, akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, hiki peke yake ni mfuko wa vitunguu. Kitabeba kompyuta hiki?"

Akanituma Kariakoo: kanvasi nyeusi yadi moja, bitana, sponji nyembamba, mkanda wa nailoni mita tatu na zipu. Kwenye zipu alirudia mara mbili: namba 5, si namba 3. Namba 3 ni ya magauni na sketi, meno yake madogo, ukilijaza begi yanaachia. Muuzaji ya njano alikuwa nayo ya namba 3 tu, nami nikaichukua kwa kupenda rangi. Mzee aliitazama, akaiweka mezani bila neno. Kesho yake nikapanda daladala kurudi Kariakoo.

Vifaa vilinitoka 21,500, ufundi 20,000. Sidanganyi, kwa hela hiyo pale soko la Karume ningepata begi la mtumba la maana tu. Halafu ile "njoo Jumamosi" ilizaa Jumamosi tatu. Mafundi sijui walisoma shule moja!

Lakini lilipotoka, lilitoka. Nje kitenge, nyuma yake kanvasi, ndani bitana ya kijivu ili nione vitu (hili alishauri yeye, eti bitana nyeusi inameza funguo). Kitako chote ni kanvasi tupu, maana begi la mtu wa daladala linawekwa sakafuni, palipo na vumbi na maji ya samaki. Kompyuta yangu ya inchi 14 ina mfuko wake wenye sponji, na sponji nyingine iko upande wa mgongo. Ninachokipenda kuliko vyote ni mfuko mdogo wa zipu upande ule unaogusa mgongo. Simu na kitambulisho vinakaa humo. Asiye na mkono wa kupita baina ya begi na shati langu havipati.

Wiki ya tatu, Buguruni, nageuka kushuka, mkanda wa kushoto ukachomoka juu kabisa. Begi likaninginia kama mbuzi. Nilipochungulia, kitambaa kilikuwa kizima, ila uzi ndio ulioachia: mshono mmoja tu, tena kwa uzi ule ule wa kushonea blauzi. Nilikwenda nimekasirika, nikafika nimepoa, maana mzee aliona kabla sijafungua mdomo. "Hapa niliharakisha, mwanangu. Kaa."

Nikakaa nikamtazama. Alifumua kwa wembe sehemu yote ya juu, mikanda yote miwili, hata ule uliokuwa mzima. Akaiingiza ndani zaidi, kama vidole vitatu. Akabadilisha sindano, akaweka namba 18, na uzi wa nailoni. Akashona mraba, ndani ya mraba akapitisha msalaba, akarudia juu yake mara tatu. Palipokuwa na unene wa kanvasi, sponji na mkanda pamoja, aliacha kukanyaga, akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, tundu moja moja, na ile Butterfly yake ya zamani ikawa inaguna kama inapandisha mlima. Hakunidai hata mia. Tangu siku hiyo mkanda haujasogea, na kuna siku nabeba unga kilo tano humo.

Lawama nyingine ni zangu. Sikukiloweka kitenge kabla ya kukikata, kwa hiyo joto la Februari na jasho langu vikaipaka bluu blauzi nyeupe mgongoni, na haijatoka mpaka leo. Na masika yalinifundisha kwamba pamba inakunywa maji, kwa hiyo kompyuta sasa inatembea na mfuko wake wa nailoni.

Nampa nyota nne. Ya tano ameila kwenye zile Jumamosi. Ukienda kwake, taja mapema mraba wenye msalaba na uzi wa nailoni, usingoje Buguruni.

Mdogo wangu naye ameshaanza kuulizia kipande kilichobaki, maana sherehe ilikuwa yake. Kimebaki cha kutosha pochi. Fundi amesema Jumamosi.