Mshale wa Mafuta Umelala kwenye E? Nunua kwa Mpangilio Huu Kabla Hujaagiza Dashibodi Nzima

Nina dashibodi ya Hilux stoo ambayo kuku wangu amewahi kuitagia. Niliinunua kwa sababu mshale wa mafuta wa gari langu, la mwaka 1994, ulikuwa umelala kwenye E siku zote, hata nikitoka sheli nimejaza tangi. Fundi aliutazama kwa dakika mbili akasema, "Mzee, hii dashibodi imekufa, agiza nyingine Dar." Nikaagiza. Ikaja na basi, ikafungwa, na mshale ukalala kwenye E vilevile. Mwisho wa yote tatizo lilikuwa waya mmoja wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, pale kwenye tangi, umeliwa na kutu mpaka umebaki unga wa kijani.

Sisi wa Mtwara, Mikindani na Lindi tunaendesha magari ya zamani kwenye hewa ya chumvi. Ukiongeza vumbi la njia za vijijini huko Tandahimba na Newala msimu wa korosho, soketi na viungo vya nyaya ndivyo vinavyotangulia kufa. Geji zenyewe hudumu kuliko tunavyozidhania. Ndiyo maana mpangilio wangu unaanza chini, kwenye nyaya, na dashibodi inakuja baadaye sana.

Pima kwanza, haigharimu kitu

Geji zote zikizima kwa pamoja, angalia fyuzi. Mshale wa mafuta na wa temperecha vikianza kucheza kwa pamoja, vyote vikipanda au vyote vikishuka, usinunue senda hata moja, yaani kile kipimo cha kwenye tangi au injini kinachoupa mshale habari. Magari mengi ya zamani, Land Rover zikiwemo, yana kifaa kidogo nyuma ya geji kinachopunguza umeme wa betri na kuufanya utulie, kwenye Land Rover hizo kama volti 10. Kikiharibika, geji zote mbili zinadanganya kwa sauti moja. Kifaa hicho kinauzwa peke yake.

Ukiwa ni mshale wa temperecha peke yake, tafuta senda yake kwenye injini. Chomoa waya, washa ufunguo bila kupiga stata, kisha gusisha waya huo kwenye chuma cha injini kwa sekunde moja tu. Mshale ukiruka kuelekea H, geji na waya ni vizima na senda ndiyo mbovu. Angalizo kwa wenye Toyota za EFI, zile ambazo kompyuta ndiyo inayopima mafuta ya injini: mara nyingi utakuta vitu viwili vinavyofanana. Chenye waya mmoja ni cha mshale, chenye nyaya mbili ni cha kompyuta ya injini. Hicho cha pili kiache. Nimeona watu wakinunua cha kompyuta, wanafunga, mshale haubadiliki, halafu wanasema spea ni feki.

Kwa tangi la mafuta usicheze na cheche. Chomoa soketi ya senda, weka multimita upande wa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, soma. Kwenye Toyota nyingi za zamani tangi tupu linasoma karibu omu 110 na tangi lililojaa linasoma omu chache sana, kama 3. Mita isiposoma kitu kabisa, ama senda imekatika ama ethi haipo. Multimita ya kawaida inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na ukiwa na gari la miaka 30 ni bora uwe nayo kuliko redio.

1. Waya wa ethi na senda mpya

Hapa ndipo pesa yako ya kwanza iende. Safisha kwa msasa pale ethi inaposhika bodi, funga waya mpya mnene, paka grisi juu yake ili chumvi isirudi. Tatizo likibaki, nunua senda. Za Toyota za kawaida hazisumbui kupatikana mjini Mtwara. Za Land Rover huenda ukaagiza. Nenda dukani na ya zamani mkononi, maana kinachokataa mara nyingi ni nyuzi za bolti na kichwa cha soketi, na picha ya simu haionyeshi hivyo vizuri. Senda ya temperecha usiizungushie tepu nyingi kwenye nyuzi. Inapata ethi yake kupitia chuma cha injini, na tepu inaweza kuikatia.

2. Kengele ya joto inayobanwa kwenye chuma

Wengi watashangaa nimeitanguliza kabla ya dashibodi kwenye mpangilio huu. Nitaeleza.

Senda ya temperecha inapima maji. Mpira wa rejeta ukipasuka na maji yakaisha, senda inabaki hewani, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Mimi yalinikuta nikitoka Masasi, sijafika Mnazi Mmoja. Mshale ulipanda kidogo, ukarudi chini, nikafurahi kwamba gari limepoa lenyewe. Dakika chache baadaye injini ikaanza kugonga. Silinda hedi ilikuwa imepinda, na gharama yake ingeninunulia kengele kumi.

Kifaa ninachokisema kina kijisensa chenye tundu la bolti, unakibana kwenye chuma cha injini karibu na thamostati, na kisanduku kidogo unakiweka mbele ya dereva. Kinaonyesha nyuzi joto kwa tarakimu na kinapiga kelele ukipita kiwango ulichoweka. Maji yawepo yasiwepo, chuma kikiwaka moto utajua. Endesha siku kadhaa uone gari lako linatulia nyuzi ngapi, kisha weka kengele kama nyuzi 10 juu ya hapo. Tafadhali usilegeze bolti ya hedi kwa ajili ya kukifunga. Tafuta bolti nyingine yoyote iliyoshika kwenye injini. Mtwara sijakiona madukani, mimi nilikiagiza.

Kama hukipati, geji ya temperecha ya kujitegemea yenye senda yake mwenyewe inafaa, lakini nayo inapima maji, kwa hiyo ina udhaifu uleule.

3. Dashibodi ya mtumba

Inunue pale tu umepima na kuhakikisha senda ni nzima, nyaya ni nzima, na mshale bado umekufa, au sahani ya sakiti ya plastiki nyuma ya geji imepasuka. Kariakoo utapata za Japani kwa wingi, na basi litakuletea kwa safari ya zaidi ya kilometa 500. Tatizo ni kwamba ukikosea, kuirudisha ni safari hiyohiyo.

Kwa hiyo kabla hujatuma pesa, omba picha ya nyuma, sio ya mbele. Hesabu soketi na matundu yake. Uliza kama ni ya dizeli au petroli, ya gia za mkono (manual) au otomatiki, ya kebo ya spidi au ya sensa. Corolla mbili za mwaka mmoja zinaweza kufanana usoni na kutofautiana mgongoni. Kilometa zitakazosomeka ni za gari la mtu mwingine, kwa hiyo andika za kwako kwenye daftari la gari siku ya kubadilisha, na siku ukiliuza mwonyeshe mnunuzi.

Wakati mwingine huhitaji yote. Fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kutoa geji moja kutoka ya mtumba na kuihamishia kwenye yako, ukabaki na kilometa zako.

4. Geji za mafuta za kila gari

Hizi za duara zenye mwanga wa buluu zinavutia, na ndizo zinazorudishwa dukani. Sababu ni omu. Geji ya mfumo wa Marekani inataka omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa. Ya Ulaya mara nyingi ni kinyume chake, 10 kwa tupu na 180 kwa kujaa. Ukifunga ya Ulaya kwenye senda ya Toyota, tangi likijaa itasema tupu, na likikauka itakuambia bado unayo ya kutosha kufika Kilwa. Inunue tu ikiwa inakuja na senda yake na uko tayari kuifunga tangini.

5. Kifaa cha kusoma gari kwa simu

Kwa gari la miaka ya 2000 na kuendelea kinaweza kukusomea temperecha vizuri. Toyota nyingi za Japani za miaka ya 1990 hazielewani nacho, kwa hiyo kwa wasomaji wa mwongozo huu ni pesa ya kutupa.

Kuhusu spidomita sina mengi: ikiwa ni ya kebo, nunua kebo kabla ya kitu kingine chochote. Wakati unaisubiri, tumia GPS ya simu, kwa sababu pale kwenye kibao cha 50 mwenye tochi hajali kwamba mshale wako umekatika. Na kama umefunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, jua kwamba unakwenda kasi kuliko inavyosema.

Siku ya kufunga senda ya tangi, nenda gereji mafuta yakiwa chini ya robo. Corolla nyingi unaifikia chini ya kiti cha nyuma. Hilux lazima tangi lishushwe, na tangi zito lina tabia ya kumwangukia fundi. Toa waya wa hasi wa betri, fanyeni kazi nje, asiwepo mwenye sigara. Nunua gasketi mpya ya kifuniko siku hiyohiyo. Ya zamani ikirudishwa, ukijaza tangi na kupanda mlima wa Newala utanusa petroli njia nzima.