Rejista ya Marekani ya kuzuia simu za matangazo: inafaa, ila ina matundu

Huduma hii ya FTC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara na kulinda wateja, ilianza 2003 na ni ya bure. Unaingia donotcall.gov, unaandika namba na baruapepe, halafu unabonyeza kiungo unachotumiwa. Kiungo hicho hufa baada ya saa 72, na hapo ndipo wengi hukwama: wanadhani wamemaliza, kumbe namba haijaingia. Ukitaka kukwepa usumbufu huo, piga 1-888-382-1222 kwa simu ileile unayoisajili. Usajili hauishi muda, kwa hiyo anayekupigia akitaka ada ya “kuuhuisha” ni tapeli.

Malalamiko kuhusu wanaoendelea kukupigia yanapokelewa namba ikishakaa kwenye rejista siku 31. Lakini rejista haizuii simu yoyote kuita. Inawakataza wauzaji tu, na wanaotii ni kampuni halali. Tapeli anayepiga kwa mashine huku akighushi namba ifanane na ya mtaani kwako hana habari nayo. Simu za wanasiasa, za mashirika ya misaada na za utafiti wa maoni nazo zimeruhusiwa. Kampuni uliyonunua kwake inaweza kukupigia kwa miezi 18, na ukiwa umeulizia bei tu, miezi 3. Waambie waziwazi wasikupigie tena, uandike tarehe. Hapo ruhusa yao imekwisha.

Isajili namba, kisha washa kwenye simu yako kizuizi cha namba usizozijua. Ubaya wake, hata kliniki ikikupigia kwa namba mpya itaishia kwenye ujumbe wa sauti.