Signal kwenye ofisi ya mawakili: uzoefu wangu tangu 2021

Nianze na jibu, maana najua wengi mtasoma hapa juu tu na kuondoka. Signal, programu ya kutumiana meseji kama WhatsApp, ni nzuri sana kwa mazungumzo ambayo hayamhusu mtu wa tatu, na ni programu mbovu kwa kumtafuta mtu. Watu wako hawamo humo. Ukiweza kuwavuta wale wachache unaowahitaji, utaridhika. Ukiipakua kwa matumaini ya kuwakuta, utabaki unaangalia skrini tupu.

Mimi ni karani kwenye ofisi ndogo ya mawakili hapa Mwanza. Napokea hati za viwanja, viapo, picha za vitambulisho vya taifa (vya NIDA), vyeti vya vifo kwa ajili ya mirathi, na mara nyingine ripoti za hospitali za watu walioumia. Zamani vyote hivyo vilipitia WhatsApp ya simu ya ofisi na kutua kwenye galari moja na picha za harusi za ukoo wa bosi. Mwanzoni mwa 2021 WhatsApp ilipotangaza masharti mapya ya faragha na watu wakaanza kukimbia, wakili mmoja akaniambia, "Dada, hebu tujaribu hiyo nyingine wanayoisema." Tukahamisha mazungumzo ya ndani ya ofisi, kisha wateja wachache wenye mashauri mazito. Wengine tuliwaacha walipo.

Kuna jambo watu hulichanganya, tena hasa wale wanaoipigia debe Signal. Maneno ya meseji yako ya WhatsApp nayo yamefungwa. Tangu Aprili 2016 WhatsApp inatumia mbinu ileile ya usimbaji (kufunga maneno yasisomeke na mwingine) iliyotengenezwa na watu wa Signal, kwa hiyo anayekuambia kwamba huko kila mtu anakusoma anakudanganya. Tofauti iko juu ya bahasha: nani kamwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi, yuko kundi gani. Kwa ofisi ya sheria bahasha pekee inatosha kumuumbua mtu. Mke wa mfanyabiashara akimwandikia wakili wa ndoa mara nne usiku mmoja, huhitaji kusoma alichoandika.

Hapo Signal wana ushahidi, na mimi nauthamini kwa sababu ni wa mahakamani, si wa tangazo. Mwaka 2016 walipokea amri kutoka Virginia, Marekani, ikiwataka watoe taarifa za namba mbili za simu. Moja haikuwa na akaunti. Ya pili walichoweza kutoa ni tarehe akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipounganishwa na seva zao, yaani kompyuta zao kuu zinazopitisha meseji. Hakuna majina ya makundi wala orodha ya waliowasiliana. Hawakuwa wakaidi, walitii amri, ila kabatini hamkuwa na kitu cha kutoa. Mwaka 2018 wakaongeza utaratibu unaoficha hata jina la mtumaji lisionekane kwa seva inayobeba meseji.

Usajili sasa. Signal inataka namba ya simu, na hapa kwetu namba ya simu ina maana nzito, kwa sababu laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Usijidanganye kwamba ukiwa Signal hujulikani. Meseji zako ni za siri, lakini akaunti imesimama juu ya laini yenye kidole chako. Nilipojisajili, msimbo wa kuthibitisha ulichelewa kuja kwa SMS kiasi kwamba nilidhani nimekosea namba. Tatizo lilikuwa la mtandao wangu wa simu, na bado najiuliza kwa nini kampuni ya simu ishindwe kufikisha tarakimu sita. Baadaye niliona hesabu ambazo Signal walichapisha Novemba 2023. Zile SMS za kuthibitisha peke yake zilikuwa zinawagharimu takriban dola milioni 6 kwa mwaka, zaidi ya walivyolipia seva. Hao ni watu wanaoishi kwa michango.

Tangu Februari 2024 unaweza kuificha namba yako na kutumia jina la mtumiaji linaloishia na tarakimu. Kwangu hiki ndicho kipengele bora kuliko vyote. Tumechapa msimbo wa QR wa ofisi na kuubandika mezani. Mteja anauskani, anatuma nyaraka, na namba yangu hana. Simu za saa tano usiku za "samahani dada, kesi yangu inaitwa lini?" zimekwisha.

Asiyependa mambo ya hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia kazi yake bila leseni) aruke aya mbili zinazofuata. Mimi nayapenda kwa sababu ya kazi, na sikutegemea kwamba programu ya kutumiana meseji ingekuwa na historia ya hataza ndefu namna hii.

Njia ya watu wawili kukubaliana ufunguo wa siri huku kila mtu anawasikiliza ilichapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Mwaka 1980 Chuo Kikuu cha Stanford kikapata hataza yake, namba 4,200,770 ya Marekani, yenye majina yao pamoja na la Ralph Merkle. Rivest, Shamir na Adleman wa chuo cha MIT wakapata ya kwao Septemba 1983, ile ya RSA, njia nyingine ya kufunga ujumbe. Enzi hizo hataza ya Marekani ilidumu miaka 17 tangu itolewe, kwa hiyo piga hesabu: ya kwanza ikaisha 1997, ya pili 2000. Katika miaka hiyo, aliyetaka kumpa mwananchi wa kawaida programu ya bure ya kufunga barua pepe alikuwa anatafuta kesi. Phil Zimmermann alipotoa PGP, programu ya namna hiyo, mwaka 1991 bila leseni, wenye hataza ya RSA walimjia juu, na serikali ya Marekani nayo ikamchunguza miaka kadhaa kwa madai ya kusafirisha teknolojia hiyo nje ya nchi. Mwishowe hakushtakiwa.

Baadaye zikaja hesabu nyingine zenye funguo fupi zaidi, na huko nako kampuni ya Certicom ya Kanada ilikuwa imejikusanyia hataza. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lenyewe lililipa dola milioni 25 mwaka 2003 ili kutumia baadhi yake. Daniel Bernstein akachapisha Curve25519, mojawapo ya hesabu hizo, mwaka 2006 bila kuidai hataza. Hiyo ndiyo iliyomo ndani ya Signal. Juu yake Trevor Perrin na Moxie Marlinspike walijenga, mwaka 2013, utaratibu wa kubadilisha ufunguo kila meseji, ili anayeiba ufunguo wa leo asifungue meseji za jana. Maelezo yake ya kiufundi waliyachapisha 2016 wakitamka wazi kwamba ni mali ya umma. Wangeweza kudai hataza na kumtoza kila anayegusa. Hawakufanya hivyo, na leo Messenger ya Facebook na Messages ya Google zimejengwa juu ya kazi hiyohiyo. Mtu anayewahurumia wavumbuzi wasiolindwa atasema ni hasara. Mimi nashinda kwenye mafaili ya haki miliki na bado naona walifanya sawa, maana kufuli la mawasiliano linalotumiwa na ofisi moja tu halina faida. Wa upande wa pili naye awe nalo. (Na msidhani mambo ya hataza yamekwisha. Mwaka 2023 Signal waliongeza kinga dhidi ya kompyuta za kwantamu (zinazohofiwa kuja kuvunja kufuli za sasa) kwa kutumia njia mpya iitwayo Kyber, na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilibidi iingie makubaliano ya leseni na wenye hataza kabla ya kuifanya Kyber kuwa kiwango.)

Turudi kwenye simu. Meseji zinazojifuta zinasifiwa sana, na kwa mtu binafsi ni nzuri. Ofisini nimezizima kwenye mazungumzo karibu yote. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, na mahakama hutazama ulitunzwaje. Mteja akikubali ada leo na meseji ikajifuta baada ya wiki, mkibishana utaonyesha nini? Meseji za kujifuta tunaziacha kwa picha za vitambulisho peke yake: nikishachapa na kuweka kwenye faili, nakala ya kwenye simu haina kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeshaanza kutumika tangu Mei 2023, na simu ya ofisi ikiibiwa daladalani sitaki kuanza kueleza kwa nini ilikuwa na sura na namba za NIDA za watu wa mkoa mzima.

Kuhifadhi nakala ndiko kulikokuwa udhaifu mkubwa. Kwa miaka mingi kwenye Android nakala ilibaki kwenye simu yenyewe, imefungwa kwa tarakimu 30 ambazo ukizipoteza hakuna wa kumlilia. Septemba 2025 wakaanzisha nakala ya kwenye seva: meseji za maandishi hadi megabaiti 100 bure pamoja na picha za siku 45 za mwisho, na zaidi ya hapo unalipia dola 1.99 kwa mwezi. Ufunguo wa kurejesha una herufi 64. Sisi tumeuandika kwenye karatasi, upo kwenye sefu pamoja na hati za viwanja. Ukimpa mzee wa miaka sabini herufi 64 atakurudishia simu yako.

Simu nyingi za Android za bei ya chini huzima programu zilizo nyuma ili kuokoa chaji, na meseji zikachelewa hadi uifungue programu mwenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya betri, iondolee Signal kizuizi. Hilo tu. Simu za sauti ziko safi kwenye mtandao mzuri, kwenye mtandao mbovu ni mbovu kama za wengine. Bando sijaona tofauti.

Lingine ni la utegemezi. Tarehe 20 Oktoba 2025 seva za Amazon huko Marekani zilipopata hitilafu, Signal nayo ilianguka, kwa sababu sehemu ya mitambo yao imekaa humo. Kufuli ni lao, lakini nyumba wamepanga. Kwa shauri lenye tarehe ya mwisho ya kuwasilisha nyaraka, kuwe na njia ya pili siku zote.

Uamuzi wao ambao naelewa sababu yake lakini siupendi hata leo ni ule wa Oktoba 2022 wa kuondoa SMS za kawaida kwenye Android. Kabla ya hapo ungeweza kumwekea mama yako Signal iwe ndiyo programu yake ya meseji zote. Asingejua tofauti, na wewe ungekuwa unamfikia kwa siri bila kumfundisha lolote. Walisema SMS si salama na watu walikuwa wanazichanganya. Kweli. Ila ule ndio ulikuwa mlango pekee wa kuwaingiza wazee.

Ningeipa nyota nne kati ya tano kwa ofisi yoyote inayoshika siri za watu: mawakili, wauguzi, washauri wa ndoa, wenyeviti wa mabaraza. Kwa kundi la michango ya harusi, kaeni WhatsApp, hakuna atakayewafuata huku.

Na wateja wetu wa visiwani, Ukerewe na kwingineko, wengi wana kitochi. Hao wanapata SMS ya kawaida isiyotaja kesi wala jina la mdaiwa: "Shikamoo mzee, karatasi zako ziko tayari, fika ofisini Jumanne." Yanayobaki tunayamaliza akishafika.