Kampuni ya ulinzi Tabora: cheo kipo, posho haipo

Kwa miezi 14 nimekuwa mteja wa kampuni ndogo ya ulinzi hapa Tabora mjini, inayolinda ghala langu la karanga na asali lililopo Ipuli, na kwa kuwa wafanyabiashara wenzangu kadhaa wameniuliza kama huduma yake inafaa, nimeona niandike tathmini kamili. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu kasoro nitakayoieleza bado tunaizungumza na uongozi wake.

Mwanzilishi wake ni sajenti mstaafu wa JWTZ, jeshi letu la Tanzania, na hilo utalitambua siku ya kwanza tu. Walinzi wake wengi ni vijana waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Hufika lindoni kabla ya saa ya zamu, hukabidhiana mbele ya daftari, na anayepokea lindo hatii saini mpaka awe ameshika kila kufuli kwa mkono wake mwenyewe.

Kilichonivutia kuliko vyote ni utaratibu wa kupandishana vyeo. Kampuni niliyokuwa nayo kabla ya hii ilimpa usimamizi wa zamu mpwa wa mwenye mali, na walinzi walimwitikia "sawa, afande" kisha wakarudi kulala. Hapa mlinzi havai V hata moja, ile alama ya cheo kwenye mkono wa sare, kabla ya kutimiza mwaka mzima lindoni, kufaulu mtihani wa maandishi na kuongoza zamu ya majaribio kwa mwezi mmoja, na masharti hayo yamebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ambapo kila mlinzi anayaona anapokwenda kuchukua mshahara.

Matunda yake niliyaona kwa macho yangu usiku mmoja wa mvua, mwezi Februari, nilipokuwa nimelala ghalani nikisubiri lori. Saa tisa kasoro usiku msimamizi wa zamu alifika kwa baiskeli, amelowa chapachapa, akafungua daftari na kulimulika kwa tochi, akakuta mlinzi ameshaandika "hali shwari" kwenye mstari wa saa tisa, ilhali saa tisa yenyewe haijafika. Hakufoka. Alimwambia, "Twende, mdogo wangu," wakazunguka uzio wote pamoja, na waliporudi akampa kalamu aandike alichokiona. Kijana akaandika kwamba seng'enge imekatika upande wa mwembe. Kwa kweli ilikuwa imekatika, na mimi mwenye ghala sikuwa nikijua.

Mji wetu una sababu ya kulitazama suala la vyeo kwa makini. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na siku iliyofuata uasi ukawafikia wenzao wa batalioni ya pili hapahapa Tabora. Madai makubwa yalikuwa mawili: mishahara iongezwe, na maafisa wa Kiingereza waondolewe ili Waafrika wapate nafasi ya kuongoza. Uasi ulizimwa kwa msaada wa makomando wa Uingereza tarehe 25 Januari, jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo ikaundwa JWTZ, ambayo mkuu wake wa kwanza, Mrisho Sarakikya, alikuwa miongoni mwa Watanganyika wachache waliosomea uafisa katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Uingereza. Uasi sina namna ya kuutetea, wala siwalinganishi walinzi wa ghala na askari wale. Lakini ona jinsi mshahara na cheo vilivyodaiwa kwa kinywa kimoja.

Kampuni hii imevitenganisha, na hapo ndipo ilipokwama. Mlinzi hupewa V mbili, hupewa malindo sita ya kukagua kila usiku na lawama za malindo yote sita, ila mshahara wake haupandi hata shilingi moja. Msimamizi yule wa baiskeli alivumilia hadi Juni, akaondoka kwenda kulinda mgodini. Wiki tatu zilipita bila mtu kushika nafasi yake, daftari likarudia kujazwa mapema, na magunia mawili ya karanga yakapotea. Kampuni ililipa fidia yote kwa awamu mbili bila kuzungushana, nami naishukuru kwa hilo.

Nilipomfuata mwenye kampuni, alinijibu kwa uwazi. Jeshini, alisema, askari hupanda cheo pakiwa na nafasi kwenye ikama, yaani idadi ya nafasi zilizopangwa, na fedha kwenye bajeti. Yeye ikama yake ni mikataba ya wateja, na kila mkataba unapoisha mteja anataka bei ishuke. Jibu hilo liliniuma, kwa kuwa mwaka jana nilikuwa mmoja wa waliombana mpaka akashusha. Hata hivyo bado namlaumu kwa jambo moja: kama fedha ya posho hakuna, afadhali awe na wasimamizi wawili wanaolipwa kuliko watano waliovishwa V tupu.

Kwa anayetafuta ulinzi wa ghala au duka, ninaipendekeza kampuni ya namna hii, kwa sharti kwamba kabla ya kutia saini aulize msimamizi wa zamu analipwa nini zaidi ya mlinzi wa kawaida. Mimi nimeomba kuongeza mkataba kwa miezi sita, nikakubali kupandisha malipo yangu kidogo, na nikataka kipengele kiandikwe kwamba nyongeza hiyo ni posho ya msimamizi wa lindo langu na si ya matumizi mengine. Rasimu ipo mezani kwa mwenye kampuni tangu Jumatatu.