Fundi wa kuchonga vyuma Gerezani: mkono dhahabu, mdomo shubiri

Naandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ni ya wiki kadhaa. Asiyetaka kelele apite.

Natengeneza baiskeli ya injini. Fremu ni Phoenix ya zamani, injini nimeitoa kwenye mashine ya kufyekea majani iliyopinda shafti, waya wa mafuta ni wa boda. Vyote vya skrepa. Kitu kimoja tu huwezi kukiokota: sahani ya chuma ya kushikia sproketi kubwa (duara la meno linalovutwa na cheni) kwenye habu ya nyuma, yaani kitovu cha tairi. Wapo wanaoibana sproketi kwenye spoku kwa raba na boliti, na inakwenda, mpaka siku spoku zinapoanza kukatika moja moja. Mimi nilitaka sahani ya kuchongwa, ikae juu ya habu yenyewe. Nikaelekezwa karakana moja Gerezani, hapa Dar es Salaam. Kila niliyemuuliza alisema huyo ndiye mwenyewe.

Injini ile ikikolea inazunguka mara 6,000 na ushee kwa dakika. Tairi la inchi 28, ukienda kilomita 25 kwa saa, halifiki mara 200. Kwa hiyo kasi inapunguzwa hatua mbili, na cheni ya mwisho ndiyo inabeba mzigo wote. Sproketi ikihama katikati hata milimita mbili, cheni inakaza nusu ya mzunguko, nusu nyingine inalegea. Nilimweleza fundi hayo yote. Akawa anatikisa kichwa huku anahesabu 40,000 yangu.

Tundu la katikati alilichonga vizuri mno, lazima niseme. Liliingia kwenye habu kwa kusukumwa na kiganja, bila kulegea hata kidogo. Halafu yakaja matundu ya boliti. Akayapima kwa jicho na chaki. Chaki! Kalipa, kile kipimo cha milimita, inaning'inia ukutani nyuma yake.

Nikafunga, nikawasha, nikatoka. Mwendo mdogo ulikuwa raha tupu, watoto wa mtaa wananikimbiza. Nilipofika barabara ya Kilwa nikaongeza mafuta. Cheni ikaruka, ikajibana kwenye spoku, tairi la nyuma likagoma, nikaburuzika hadi kando ya barabara. Daladala iliyokuwa nyuma yangu ilinikwepa kwa kudra za Mungu, na konda wake alinipa maneno ambayo siyaandiki.

Kesho yake, au keshokutwa, nikarudi na tairi begani.

"Shikamoo fundi. Naona matundu hayajakaa katikati."

Hakuitikia. Alinisikia, akanitazama, shikamoo yangu akaiacha hewani. Kisha akasema, "Ringi lako limepinda."

Nikalisimamisha tairi pale pale, nikaweka msumari karibu na meno ya sproketi, nikazungusha. Ringi limenyooka. Sproketi inausogelea msumari, inaukimbia, inausogelea tena. Wateja wote wanaona. Hapo ndipo akapaza sauti ya mnada: "Bosi, mimi nimechonga chuma, sikuchonga akili yako. Ukitaka pikipiki, nunua pikipiki!"

Watu wakacheka. Spoku nilinunua nyingine yakaisha. Kicheko kile bado ninacho.

Na anayesema hayo ni nani? Mashine yake mwenyewe ya kukereza inaendeshwa na mota iliyotolewa kwingine, mkanda umeungwa, kiti anachokalia ni cha gari bovu. Mtu anakula kwa skrepa halafu anamcheka mwenzake wa skrepa!

Aliyeniokoa ni kijana wake. Alinifuata nje, akaninong'oneza, "Kaka, niachie hiyo." Akayaziba matundu kwa kuchomelea, akasaga, akapima kwa kalipa kutoka katikati, akatoboa upya. Hela hakuitaka, nikamlazimisha achukue ya soda. Tangu hapo cheni haijaruka. Nimekwenda nayo Mbagala na kurudi, nikiwa na mzigo nyuma, pedeli nimezigusa kwenye kupandisha tu.

Nilikuwa nimepanga kuandika "msiende kabisa". Lakini kila nikilifungua lile gurudumu na kuliona tundu la katikati, naishiwa nguvu. Kuchonga anajua. Basi nendeni, ila mchana, mzee akiwa amekwenda kula, mkamtafute kijana. Na msilipe kabla ya kuzungusha tairi na msumari.

Hapana. Nikiikumbuka ile shikamoo damu inachemka. Mtu mzima unasalimiwa na mdogo wako mbele za watu, unanyamaza? Hata angekuwa anachonga almasi. Msiende. Nyota moja, na hiyo ni ya kijana.

Namba yake ninayo. Anasema anatafuta chumba cha kufungulia karakana upande wa Keko. Sahani ya baiskeli ya shemeji yangu inamsubiri yeye.